Wingu huria limemfaa nani?

Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, watengenezaji wa programu za kugawa seva moja kuwa mashine pepe nyingi, na kabla mwaka haujaisha ikatangaza kwamba leseni za kudumu haziuzwi tena: anayetaka programu hizo atalipia usajili. Kampuni ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimejenga vituo vyao vya data juu ya VMware zilijikuta hazina pa kushika. Malalamiko ya bei yakazagaa, na mwaka uliofuata AT&T ikafika hadi mahakamani. Katika purukushani hizo OpenStack, jukwaa la programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili) la kuendesha wingu, yaani seva zinazotumiwa kwa mbali kupitia mtandao, ambalo wengi walishalisomea hitma, likarudi midomoni mwa watu.

Ubishi wa zamani nao ukarudi. Wapo wanaosema hili ndilo somo: ukijenga juu ya programu isiyo huria, siku mwenye mali akiamka vibaya unalia. Wengine wanajibu kwamba wingu huria lilishapewa nafasi yake likashindwa, na anayelikimbilia leo atarudi kwa Amazon, Microsoft au Google akiwa amechoka na mfuko mtupu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishania leseni, ilhali kinachoamua ni nani ana watu wa kuendesha mfumo, na nani ana mamlaka ya kubadili masharti yake.

Wanaobeza wana ushahidi wa kutosha. Amazon ilifungua S3, huduma ya kuhifadhi mafaili, Machi 2006, na EC2, ya kukodisha seva, ikafuata Agosti mwaka huohuo. Ghafla seva iliyokuwa ikichukua wiki kadhaa kuagizwa na kufungwa ikawa inapatikana kwa dakika chache, kwa kadi ya benki tu. Walioogopa kuiachia kampuni moja soko zima walianza kujenga mbadala. Eucalyptus, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, iliiga API (njia ambazo programu huzungumza na huduma) za Amazon ili mtu aweze kuwa na wingu la namna ileile kwenye seva zake mwenyewe. Julai 2010 NASA na Rackspace waliunganisha misimbo yao, OpenStack ikazaliwa. HP, IBM, Cisco na Dell wote wakajipanga nyuma yake. Mwaka 2014 HP iliahidi kuwekeza zaidi ya dola bilioni 1 kwenye Helion, wingu lake lililojengwa juu ya OpenStack. Januari 2016 ilifunga huduma yake ya umma. NASA nayo, mzazi mmojawapo, ilikuwa imeshahamishia tovuti yake kuu kwenye seva za Amazon tangu 2013.

Sababu haikuwa ubovu wa msimbo. Msimbo ni bure, lakini wingu ni majengo, umeme, nyaya na maelfu ya seva zinazonunuliwa kwa bei ambayo mnunuzi mdogo haioni. Halafu kuna kazi ya kila siku, ambayo mabango ya mauzo huwa hayaitaji.

Tazama OpenStack inapougua. Nova inasimamia mashine pepe, Neutron mtandao, Cinder diski, Keystone utambulisho, na sehemu kubwa ya mazungumzo ya ndani hupitia foleni ya ujumbe, kwa kawaida RabbitMQ. Foleni hiyo ikikwama, mashine zilizokwisha kuwashwa zinaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kitu. Lakini ukiomba mashine mpya, inabaki kwenye hali ya kujengwa mpaka unachoka kuitazama. Logi za Nova zinailaumu Neutron, za Neutron zinailaumu foleni, na mwishowe huenda kisa ni diski ya hifadhidata iliyojaa au saa za seva mbili zilizopishana. Wa kuligundua hilo saa nane usiku ni mhandisi wako. Isitoshe, toleo jipya hutoka kila miezi sita. Tangu 2023 imewekwa njia rasmi ya kupandisha mara moja kwa mwaka, lakini aliyezembea miaka minne ana kibarua cha kutisha.

Je, hoja imeisha? Hata kidogo. CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, imeendesha OpenStack tangu 2013 na kuifikisha kwenye malaki ya kori za prosesa. Walmart inaitumia, na kampuni kubwa za simu vilevile. Hawa wana mambo mawili: kazi nyingi isiyolala, na wahandisi wanaoujua mfumo kwa undani. Kwa mtu wa namna hiyo kukodi ni hasara. 37signals, kampuni ya programu iliyotengeneza Basecamp, walitangaza Oktoba 2022 kwamba wanalihama wingu; baadaye walieleza kuwa bili yao ya mwaka huo ilikuwa dola milioni 3.2, ilhali seva walizonunua ziligharimu laki kadhaa za dola. Kisa hicho sasa hunukuliwa kama aya takatifu. Wanaokinukuu husahau kutaja kwamba 37signals tayari walikuwa na seva kwenye vituo vya data, wahandisi wa kuzisimamia, na mzigo unaotabirika. Kampuni changa isiyojua kama mwezi ujao itakuwa na wateja mia au milioni haina sababu ya kuiga.

Kuhusu mamlaka ya kubadili masharti, hapa watetezi wa programu huria ndio wanaojidanganya. MongoDB (hifadhidata) ilibadili leseni 2018, Elastic (wenye Elasticsearch, ya kutafuta ndani ya data) 2021, HashiCorp (wenye Terraform, ya kuandaa seva na mitandao kwa msimbo) Agosti 2023, Redis (hifadhidata ya kasi) Machi 2024. Zote zilikuwa huria siku moja kabla. Malalamiko ya baadhi yao yalikuwa na uzito: mawingu makubwa yalichukua kazi yao, yakaiuza kama huduma na kuvuna fedha, huku waandishi wakibaki na sifa. Amazon nayo haikuvunja sheria, kwani leseni iliruhusu hayo. Sioni wa kumwita mwizi hapo. Lakini mtumiaji wa kawaida, ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote, ndiye aliyeamka akalazimika kumwita mwanasheria.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niamini bado kuna faida. Amazon ilichukua msimbo wa zamani wa Elasticsearch ikaanzisha OpenSearch. Terraform ilizaa OpenTofu. Redis ilizaa Valkey ndani ya siku chache, chini ya Linux Foundation, taasisi isiyo ya faida inayolea miradi huria, ikiungwa mkono na Amazon, Google na Oracle. Elastic ikarudi kwenye leseni huria 2024, Redis ikafuata 2025. Wateja wa VMware hawakuwa na njia hiyo, kwa sababu hakukuwa na msimbo wa kuchukua. Ndiyo maana nikipima jukwaa, leseni huwa naisoma baada ya kuuliza msimbo uko mikononi mwa nani. OpenStack na Kubernetes (mfumo huria wa kuendesha kontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na mahitaji yake) ziko chini ya taasisi zenye kampuni nyingi zinazoshindana, kwa hiyo ni vigumu sana kwa mmoja wao kupindua meza. Mradi wa kampuni moja, hata uwe huria kiasi gani, una mwenyewe.

Kubernetes husifiwa kwamba inakuwezesha kuhama wingu lolote wakati wowote. Ni nusu ya kweli: kontena zinahama, data inabaki. Google, Amazon na Microsoft waliondoa ada ya kutoa data kwa wateja wanaohama mapema 2024, sheria ya data ya Umoja wa Ulaya ikiwa mlangoni, na sheria hiyo ilianza kutumika 12 Septemba 2025. Hatua nzuri, ila ada ilikuwa kikwazo kidogo. Mafaili yaliyo kwenye S3 yanahama bila shida kubwa, kwa kuwa API yake imeigwa kila mahali, ikiwemo kwenye Ceph, mfumo wa kuhifadhi data ambao ni huria. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya DynamoDB, hifadhidata ya Amazon yenyewe, haina bahati hiyo: itaandikwa upya karibu kila inapogusa data. Kwa timu ya watu watano ningesema wakodi wingu lolote linalowafaa bila aibu, ila hifadhidata iwe PostgreSQL, ambayo ni huria, na nakala rudufu zijaribiwe nje ya wingu hilo angalau mara moja kabla ya kusaini mkataba wa miaka mitatu.