Njia ya miguu Church Stretton ina sheria nyuma yake, ya Lushoto ina mazoea tu

Wengi wetu tuliohamia Uingereza tunaishia kuijua barabara ya kazini, duka la vyakula vya kwetu na uwanja wa ndege. Mashamba tunayaona dirishani mwa treni, tukiamini ni mali ya watu na ukitia mguu utafukuzwa. Ni mali ya watu kweli. Ila njia inayokatiza katikati yake ni haki ya kila apitaye, na hilo ndilo jambo la mashambani huku ambalo naona tuna haki ya kulionea wivu. Mandhari hapana. Aliyekulia Usambara hana cha kushangaa kwenye kilima cha mita 500.

Chukua Church Stretton, mji mdogo wa soko katika Shropshire, si mbali na mpaka wa Wales. Mfalme John aliupa kibali cha soko mwaka 1214. Treni ya kutoka Shrewsbury inakushusha mjini kabisa, kwa hiyo gari si lazima. Magharibi kuna Long Mynd, mgongo mpana wa kilima ambao kilele chake, Pole Bank, kina mita 516. Sehemu kubwa inamilikiwa na National Trust, shirika la hiari la kuhifadhi mandhari na majengo ya kale, tangu 1965. Mashariki kuna mlima wa Caer Caradoc, mita 459, wenye mabaki ya ngome ya kale juu yake. Huo ni mfupi zaidi lakini mkali kwa magoti.

Kwa mgeni, mzunguko mzuri ni huu. Toka stesheni hadi bonde la Carding Mill, ambako kuna vyoo na chai. Vitumie, maana mbele hakuna. Panda kwa njia ya Mott's Road mpaka juu, ugeuke kusini kuifuata Portway, njia ya kale ya mgongoni, hadi Pole Bank. Kisha teremka hadi Boiling Well na ushuke na kijito cha Ashes Hollow mpaka kijiji cha Little Stretton, halafu urudi mjini. Jumla ni kama kilomita 13. Kanuni ya Naismith ya kukadiria muda wa kutembea milimani, ya tangu 1892, inakupa saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Hapo unapata saa tatu na ushee bila kupumzika. Asiyezoea aweke tano. Ashes Hollow ndiko watu wanakoteguka: unavuka kijito mara kwa mara juu ya mawe yenye utelezi, na raba za mjini hazishiki.

Ramani ya kununua ni Explorer namba 217 ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa. Vistari vya kijani vilivyokatika ndizo njia zenye haki ya kupita. Vifupi ni vya waenda kwa miguu, virefu vinaruhusu pia farasi na baiskeli. Vistari vyeusi vinaonyesha tu kwamba kuna njia, havikupi haki yoyote. Kwenye nguzo na mageti, mshale wa njano ni wa miguu, wa buluu ni wa farasi. Huko juu Long Mynd unaweza kuacha njia na kutembea utakako, kwa sheria ya mwaka 2000. Chini kwenye mashamba, shika mstari wako.

Sasa ng'ombe. Sheria inakataza dume la aina ya maziwa lililozidi miezi 10 kuachwa kwenye shamba lenye njia ya umma, lakini dume la nyama linaruhusiwa likiwa na majike. Hata hivyo, wa kuwaogopa zaidi ni majike wenye ndama, hasa ukiwa na mbwa. Usipite kati ya mama na ndama wake. Zunguka kwa mbali, hata ukiacha mstari kidogo. Wakikujia, mwachilie mbwa kamba: yeye atawakimbia, wewe huwezi. Kangaga za kiangazi zina kupe, basi vaa suruali ndefu na ujikague jioni. Na kumbuka Desemba jua linazama kama saa kumi jioni, wakati Juni mwanga unafika saa tatu na nusu usiku. Anayepanda saa saba mchana wakati wa baridi, kwa sababu tu asubuhi palikuwa na ukungu, anajitafutia kuokolewa. Ukikwama, piga 999, uombe polisi, kisha kikosi cha uokoaji milimani.

Kuna hofu nyingine ambayo haisemwi sana: kwamba mtu mweusi shambani atatazamwa. Atatazamwa, ndiyo, mara nyingine. Lakini njiani watu wanasalimiana, hata wale ambao kwenye treni ya London wasingekuinulia macho. Salimu wewe kwanza.

Nyumbani Tanzania mambo ni kinyume. Kutoka Lushoto mjini kwenda Irente, au kuelekea msitu wa Magamba, huhitaji ramani: unauliza, na anayekujibu mara nyingi anakusindikiza hatua kadhaa. Huku unaweza kutembea saa mbili bila mtu wa kuuliza, ndiyo maana wanahitaji mishale. Kwetu njia imejaa watu wenye safari, wanafunzi, akina mama na vikapu vya kabichi, si wastaafu wenye fimbo mbili. Kwa uhai wa njia, Lushoto inashinda.

Kwa usalama wake, haishindi. Mtu akinunua kiwanja, akajenga ukuta juu ya njia waliyopita babu zetu, tunalalamika wiki moja kisha tunazunguka. Uingereza mkulima akilima juu ya njia inayokatiza shamba, anatakiwa kuirudisha ndani ya siku 14, upana usiopungua mita moja, mazao yasiizibe. Njia ikitumiwa na umma miaka 20 bila kificho, bila kuomba ruhusa na bila mwenye shamba kuonyesha kuikataa, inahesabiwa kuwa ya umma. Haya hayakutokana na ukarimu wa wenye mashamba. Mwaka 1932 vijana waliovamia mlima wa Kinder Scout kudai haki ya kutembea, baadhi yao walifungwa. Sheria ya kuchora njia kwenye ramani rasmi ilikuja 1949, na kazi ya kuzikagua kwa miguu ikaangukia kwa sehemu kubwa mabaraza ya vijiji.

Sisi mabaraza hayo tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawezesha hati za kimila, na vijiji vinapanga matumizi bora ya ardhi. Hapo ndipo pa kuingiza njia: wazee, mtendaji na mpimaji wazitembee, masika na kiangazi, maana njia ya masika huhama kukwepa tope, na wazichore kabla hati ya kwanza haijatolewa. Baada ya hati kutoka, kila mita ya njia inageuka kesi. Wewe uliyeko huku unayetuma pesa za kununua kiwanja na kujenga ukuta, mwulize anayekusimamia kwanza: watu wa kijiji wanapitia wapi?