Poti za seva: tuzifunge kwa mkono au tuziache zijadiliane?

Karatasi iliyobandikwa kwenye kabati ilisema: "USIGUSE POTI HIZI." Aliyeiandika alishahama ofisi hiyo ya hapa Dodoma, na mimi nilikuwa nimeitwa kuangalia seva tatu zinazosumbua kusakinishwa kupitia mtandao. Zilikuwa zinawaka, zinapata anwani ya mtandao kwa DHCP, zinashusha kerneli (kiini cha mfumo endeshi), kisha usakinishaji wenyewe unatambaa kama bajaji iliyojaa mizigo ikipanda kilima cha Mlimwa. Poti za swichi, kifaa kinachounganisha mashine kwenye mtandao, zilikuwa zimefungwa, yaani zimepangiwa kwa mkono kasi isiyobadilika: megabiti 100 kwa sekunde, dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja).

Mafundi wenzangu humcheka mtu wa namna hiyo. Mimi simcheki. Utaratibu wa kadi ya mtandao ya mashine na swichi kujadiliana kasi ya megabiti 100 uliingia kwenye kiwango cha IEEE 802.3u mwaka 1995, na miaka ile ya mwanzo kila mtengenezaji aliusoma kivyake. Unafika asubuhi, mtandao umelala. Kufunga pande zote mbili kulikuwa busara, na swichi nyingi zilizokuja huku kutoka Dar es Salaam serikali ilipoanza kuhamia zilikuja na mazoea ya waliozipanga.

Shida ni kwamba lazima pande zote mbili zifungwe. Upande uliofungwa huacha kujadiliana. Ule ulioachwa huru hutambua kasi kwa kusikiliza mawimbi tu, lakini dupleksi haisikiki, kwa hiyo kiwango kinautaka ushuke kwenye nusu dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Swichi inatuma inapotaka, kadi inangoja zamu. Kwenye kadi utakuta migongano iliyochelewa, kwenye swichi makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika.

Sasa seva inayowaka kupitia mtandao, upande wake nani aufunge? Mfumo endeshi haujafika. Anayeongea ni programu ya PXE ndani ya kadi, inayoiwasha seva kupitia mtandao, na kwenye kadi nyingi hakuna pa kuiambia "100, kamili". Amri ya ethtool, ya kupanga kadi, ndani ya faili la usakinishaji inaanza kufanya kazi kerneli ikishapanda, wakati hatua ya kwanza imeshapita.

Tena hitilafu hii ni ya hila. TFTP, njia inayoshusha kerneli, hutuma kipande, kwa kawaida cha baiti 512, ikangoja jibu ndipo itume kingine. Pande mbili haziongei kwa pamoja mara nyingi, kerneli inafika salama. Ikija HTTP au NFS, njia zinazoleta faili zilizobaki, data na majibu vinapishana njiani, vinagongana, na mtu anaanza kulaumu diski. Pale ofisini walikuwa wameshabadilisha diski mbili.

Wanaotetea kufunga wana hoja nyingine: poti iliyofungwa inaamka haraka, PXE haikati tamaa. Kweli, unaokoa sekunde chache. Ila mchelewashaji mkubwa huwa ni Spanning Tree, ulinzi wa swichi dhidi ya data kuzunguka bila mwisho, ambayo kwa mpangilio wake wa asili huishikilia poti sekunde 30 kabla ya kupitisha data. Itangaze poti ya seva kuwa ya pembeni, yaani isiyoelekea swichi nyingine, jambo limekwisha, na dupleksi hujaigusa.

Hoja yao inayoniingia ni ya nyaya. Gigabiti (megabiti 1,000) kwenye waya wa shaba inataka jozi zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo. Megabiti 100 inatosheka na mbili. Kwenye dari zetu nimekuta jozi zimekatika na vichwa vya kebo vimejaa vumbi la kiangazi, poti inapanda na kushuka kutwa nzima. Kabla kebo mpya haijavutwa, kushuka hadi 100 kunaokoa kazi. Nakubali, ila usizime majadiliano: iagize swichi itangaze 100 kamili peke yake. PXE itasoma tangazo hilo na pande zote zitaelewana. Kufunga kabisa kubaki kwa kigeuzi cha faiba (kifaa cha kuunganisha waya wa shaba na nyuzi za kioo) cha zamani kisichojua kujadiliana. Gigabiti ya shaba yenyewe haina mjadala, kwa sababu kiwango chake kinalazimisha majadiliano.

Pale ofisini nilizifungua poti tatu, zikapanda gigabiti, na seva ya kwanza ikamaliza kabla chai ya saa nne haijapoa. Karatasi sikuibandua. Niliandika chini yake tarehe, na: "1 hadi 3 zinajadiliana. Ziacheni."