Korosho na tamaa, wapi na wapi?

Juzi nilitumiwa beti mbili za huba zilizoandikwa juu ya picha ya waridi. Beti zenyewe zilisifu nini? Waridi. Nikajiuliza, mimi msomaji nimebakishiwa nini hapo?

Naupenda utungo mfupi unaokaa na picha, ila wengi wetu tunaifanya picha kuwa mkalimani wa shairi. Mwenye huzuni anaweka mvua, mwenye mapenzi anaweka machweo. Na bibi zetu walishatuonyesha njia nyingine.

Itazame kanga. Ina pindo, ina mji pale katikati, ina jina. Mjini kumejaa korosho, na chini yake pameandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Korosho na tamaa, wapi na wapi? Ndipo utamu ulipo! Korosho haifafanui jina, wala jina halielezi korosho. Anayeijaza nafasi ile ni mvaaji, akijua fika anapita mbele ya mlango wa nani.

Wajapani nao wana haiga: haiku, yaani shairi lao fupi, na mchoro wa wino katika karatasi moja. Yosa Buson (1716–1784) alikuwa mshairi na mchoraji, hakuhitaji kuazima mkono wa mtu. Haiku ina mizani 17, imeuzidi kwa mzani mmoja tu mshororo wetu wa mizani 16. Yaani shairi zima linaishia pale ambapo sisi ndio kwanza tunakohoa tuanze! (Nasema hivi nami ni mtu wa tarbia, beti kumi si kitu kwangu.)

Basi nikajaribu mshororo mmoja: "Nilikuja kwa salamu, nikarudi na salamu." Mwanzo niliuweka na picha ya mlango uliofungwa. Ukafa papo hapo, maana mlango ulishasema yote: mwenyeji hakuwepo, kwisha. Nikautoa, nikaweka picha niliyopiga kwa simu barazani: chupa ya chai na vikombe viwili. Maneno ni yaleyale, lakini sasa mwenyeji yupo, watu wameketi, na salamu bado haikutoka mdomoni.

Dada yangu alipoiona hakuuliza habari za vina wala mizani. Aliuliza, "Hivyo vikombe, cha pili kilinywewa?"

Sijamjibu.