Kliniki zilifungwa, mayai hayakusubiri

Machi 17, 2020, janga la UVIKO-19 likisambaa, chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ASRM, kilishauri kliniki zisianze matibabu mapya ya kupandikiza mimba. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: HFEA, mamlaka inayotoa leseni, iliagiza hata matibabu yaliyokwisha kuanza yawe yamesimama ifikapo Aprili 15. Maombi ya kufungua tena yalianza kupokelewa Mei 11.

Tahadhari ya wiki zile za mwanzo naielewa. Hakuna aliyejua virusi vingemfanya nini mjamzito, na hospitali zilihitaji kila barakoa. Ninachopinga ni kumweka mwanamke wa miaka 28 na wa miaka 39 katika foleni moja. Wa kwanza akisubiri miezi sita hapotezi kitu kikubwa. Wa pili, hasa kama kipimo cha homoni ya AMH kimeonyesha akiba ndogo ya mayai, huenda akapoteza nafasi yake ya mwisho. Tena kwa mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, akitimiza miaka 40 stahili yake hushuka kutoka awamu tatu za matibabu hadi moja.

Njia ya kati ilikuwapo: kuvuna mayai na kuyagandisha, mimba ije baadaye. Wagonjwa wa saratani waliruhusiwa kufanya hivyo kabla ya dawa kali kuharibu ovari zao. Kwa nini umri usihesabiwe pia kuwa dharura?

Kazi yenyewe ni fupi. Mwanamke hujidunga homoni kila siku kwa siku 8 hadi 14, sindano ambazo anaweza kujichoma nyumbani. Altrasaundi hufanywa kila baada ya siku mbili au tatu. Vifuko vikubwa vya mayai vikifikia milimita 17 au 18, mwanamke huchomwa sindano ya kukomaza mayai, na mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baadaye. Hapo saa haina mjadala. Ukiwahi sana, mayai ni machanga; ukichelewa, yameshatoka kwenye vifuko na hayapatikani tena.

Wakati wa janga, akipimwa na kukutwa na virusi kabla ya sindano hiyo, awamu ilisitishwa: hasara ilikuwa dawa na fedha. Baada ya sindano mambo ni magumu. Ovari zimeshavimba, na zikivimba kupita kiasi damu huwa rahisi kuganda mishipani, jambo ambalo UVIKO-19 nao husababisha. Kwa hiyo wakati wa janga ni busara kukomaza mayai kwa dawa ya jamii ya GnRH (agonisti), inayouamsha mwili utoe homoni yake wenyewe, badala ya hCG, homoni ya mimba, kisha kugandisha viinitete vyote, yaani mayai yaliyorutubishwa, bila kupandikiza. Hatari ya uvimbe huo hupungua sana.

Wanaume nao wasisahauliwe. Homa kali hupunguza mbegu, na mbegu moja huchukua siku 70 hivi kutengenezwa. Majibu mabaya ya manii wiki tatu baada ya kuugua hayatoshi kumhukumu mtu. Apime tena baada ya miezi mitatu.

Kila kliniki iwe na orodha iliyopangwa kwa umri na AMH, si kwa tarehe ya kujiandikisha. Iandaliwe sasa, wakati milango iko wazi, na akiba ya naitrojeni ya kimiminika ihesabiwe humo humo: matangi ya kutunzia mayai kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri huhitaji kujazwa hata mji ukifungwa.