Naibu Waziri wa Mikopo na Beberu Asiye na Kitambulisho

Mwaka wa pili chuoni niliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Mikopo. Waziri kweli, kwa barua. Kama hujawahi kusoma chuo cha umma hapa Tanzania, jua kwamba serikali ya wanafunzi haina masihara: kuna Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Baraza la Mawaziri, Bunge lenye Spika, na kambi ya upinzani ambayo kwetu ilikuwa na watu wawili waliokosa uteuzi. Rais wetu alikuwa anasoma jiolojia, ana sup mbili, yaani mitihani ya kurudia, mgongoni, na ukikutana naye kwenye foleni ya wali maharage unasema, "Mheshimiwa Rais, nisogezee hiyo pilipili." Alitembea na mlinzi. Mlinzi alikuwa mtu anayelala naye chumba kimoja na aliyekuwa anamdai elfu ishirini, kwa hiyo kweli hakumwacha mbali na macho yake.

Wizara yangu ilikuwa stoo nyuma ya kafeteria, tuliyogawana na Wizara ya Michezo. Juu ya meza, faili la malalamiko ya mikopo; chini ya meza, mipira isiyo na upepo na jezi zilizofuliwa mara ya mwisho na utawala uliopita. Muhuri alikuwa nao Waziri mwenyewe, na Waziri alikuwa fildi, mafunzo kwa vitendo, huko Mtwara. Kazi yangu ilikuwa moja tu: boom likichelewa, nitukanwe.

Boom, kwa ambaye hakupitia, ni fedha ya chakula na malazi inayotoka Bodi ya Mikopo, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005. Enzi zetu ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na zinaletwa za siku 60 kwa mpigo. Piga hesabu: 510,000. Siku ya boom chuo kizima kinanukia kuku wa kukaanga, watu wanapanda bajaji kutoka bweni hadi darasani. Zikiisha, unawaona walewale wakinywa chai ya rangi saa tisa alasiri na kuapa kuwa wali unawapa gesi.

Sasa, nilipopata uteuzi nikampigia simu baba mdogo kijijini, Singida. Baba mdogo ndiye aliyenilea, na alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo mambo ya uongozi anayajua kwa undani.

"Baba shikamoo. Nimekuwa Naibu Waziri wa Mikopo."

"Marahaba. Wa serikali ipi?"

"Ya wanafunzi, baba."

"Serikali ni serikali. Na hicho chuo ni cha nani?"

"Cha umma."

Akanyamaza kidogo. "Na umma ni nani, mwanangu, kama si sisi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Simu ikakatika, salio lilikuwa langu.

Yaliyofuata kijijini nilisimuliwa baadaye na dada. Baba mdogo aliitisha kikao chini ya mkwaju, akaeleza hoja yake ya umma, na hakuna aliyeweza kuipangua, hata mwalimu mkuu. Kikundi cha wakulima wa alizeti kikaandika barua ya kuomba mkopo wa trekta. Kina mama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, wakaandika ya mashine ya kukamua mafuta. Mzee mmoja akaandika ya kuomba mahari ya mwanawe. Nauli ikachangwa, wakachaguliwa watatu: baba mdogo, mwenyekiti wa kijiji, na katibu wa alizeti. Wa nne alikuwa beberu, mweupe, mwenye ndevu za kiongozi wa dini, zawadi kwa Mheshimiwa. Alisafiri kwenye buti la basi hadi Ubungo na akafika na hasira zake zote.

Siku waliyoingia ndiyo siku mbaya kuliko zote katika utumishi wangu. Boom lilikuwa limechelewa, watu wameitana uwanjani, na Rais alikuwa ameniagiza nikahutubie kwa sababu yeye "anashughulikia suala hili katika ngazi za juu", maana yake amejifungia chumbani. Nikiwa najiandaa, simu ikaita.

"Mheshimiwa, tuko getini. Mlinzi anasema mbuzi hana kitambulisho."

Nilikimbia. Nikakuta mlinzi na baba mdogo wameshafika muafaka bila mimi. Mlinzi wa getini, kwa taarifa yako, hamjali Profesa wala Mkuu wa Idara. Anachokijali ni daftari la wageni. Lolote likiandikwa daftarini, limehalalika. Na alikuwa ameshamwandika beberu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Jina: Beberu. Anatoka: Singida. Anakwenda kwa: Naibu Waziri. Sababu ya kuja: Mkopo.

Baba mdogo akataka kwanza kuona makazi ya Mheshimiwa. Hapo nikaanza kutokwa jasho, kwa sababu Mheshimiwa hakuwa na makazi. Nilikosa chumba mwaka ule, kwa hiyo nilikuwa nimebebwa. Kubebwa ni hivi: mwenye kitanda halali anakukaribisha, mnalala mzungu wa nne, miguu yake usoni mwako, na meneja wa bweni akipita usiku na tochi unaingia uvunguni. Chumba cha watu wanne tulikuwa tunalala saba. Wazee wakasimama mlangoni wakitazama vitanda vya dekadeka, sufuria chini ya meza, na hita ya koili ambayo ni marufuku ikichemsha maharage ndani ya ndoo.

"Hawa ni nani?" akauliza mwenyekiti.

"Wenzangu."

"Walinzi wake," baba mdogo akamsahihisha kwa sauti ya chini.

Njiani kuelekea uwanjani katibu wa alizeti akataka ajue wazi nani mkubwa wa chuo, ili barua zisipotee kwa wadogo. Nikaeleza: kuna Mkuu wa Chuo, halafu Makamu Mkuu wa Chuo, halafu Manaibu Makamu Mkuu wa Chuo, mmoja wa taaluma, mwingine wa mipango na fedha.

"Tupeleke kwa Mkuu."

"Mkuu hayupo, baba. Yeye huja siku ya mahafali, anavaa joho, anatunuku shahada, anaondoka. Chuo anakiendesha Makamu."

Baba mdogo akatikisa kichwa, ameelewa vizuri sana. "Kama mimi na mama yako mdogo."

Mwenyekiti wa kijiji yeye alikuwa na swali la masharti. Mkopo unarudishwaje? Nikamwambia aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. "Na asiye na mshahara?" Nikavuta pumzi nimweleze habari za waliojiajiri, lakini nilimwona ameshafungua kidaftari na kuandika: wasio na mshahara, hamna. Akapiga mstari chini yake.

Tukafika uwanjani. Umati ulikuwa mkubwa, na waliponiona wakalipuka: "Boom! Boom! Boom!" Wazee wakashikana mikono kwa furaha. Katika maisha yao hawakuwahi kuona kiongozi anapokewa hivyo. Baba mdogo akafuta chozi. Akamfunga beberu kwenye nguzo ya ubao wa matangazo pembeni, penye kivuli, akanifuata jukwaani bila kualikwa.

Hotuba yangu ilidumu kidogo sana. Nilisema "Ndugu zangu wana-jumuiya", wakasema "Shuka!". Nikasema "Wizara yangu inalifuatilia", chupa ya maji ikapita karibu na sikio. Ndipo baba mdogo akanichukulia kipaza sauti mkononi, kwa upole, kama anavyonichukulia jembe ninapolima vibaya.

"Wanangu," akasema, na uwanja ukatulia, maana mzee ni mzee, na alikuwa amevaa koti. "Nimetoka Singida tangu jana. Nimekuja kwa ajili ya mkopo kama ninyi." Makofi. "Huyu ni mwanangu, nimemlea mwenyewe, hajawahi kula cha mtu." Nikainamisha kichwa; kuna kuku fulani wa 2009 tusiyemzungumzia. "Nawaahidi, leo hii, kabla jua halijazama, mtapata haki yenu!"

Nilihisi miguu inalegea. Na papo hapo, naapa, mtu akapiga kelele kutoka nyuma: "Majina yametoka!"

Wakati tunahutubiana, karani wa uhasibu alikuwa amepita kimyakimya, kabandika orodha ya wanaotakiwa kusaini boom, na kutokomea kabla hajaulizwa maswali. Uwanja mzima ukamgeukia baba mdogo kwa macho mapya. Mtu kaahidi, na hajarudisha hata kipaza sauti, limetimia! Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alipiga magoti kumwamkia. Minong'ono ikaanza kwamba ni mkurugenzi kutoka Bodi, kajifanya mkulima.

Halafu umati ukakimbilia ubaoni, na mimi nikakumbuka nguzo.

Orodha zilikuwa ndefu, zimeshonwa karatasi kwa karatasi kwa pini, zikining'inia kutoka juu ya ubao hadi usawa wa magoti. A hadi L zilikuwa salama. N hadi Z zilikuwa salama. Katikati palikuwa na pini mbili, na chini ya pini kipande cha karatasi chenye "Mw" na alama za meno. Beberu alikuwa anamalizia. Alitutazama bila haya, taya zikizunguka.

Ungekuwa Poland labda ingekuwa jambo dogo. Hapa Tanzania, herufi M ni taifa. Mushi, Massawe, Mollel, Mrema, Mwita, Msuya, Mwakalinga, Mkumbo, Mgaya; nusu ya darasa langu inaanzia M, na mimi mwenyewe nimo. Waliofika mwisho hawakumwona mbuzi. Waliona tu kwamba M hamna. Kabla sijafika ubaoni, habari ilikuwa imeshafika kafeteria kwamba Bodi imewakata herufi M wote. Kuna aliyesema ni kwa sababu ya bajeti, wamepunguza kwa herufi. Kijana wa sheria mwaka wa tatu, Mrema mmoja, alikuwa ameshakaa kwenye kimbweta anaandika hati ya kupinga ubaguzi kwa misingi ya alfabeti, akinukuu ibara ya 13 ya Katiba. N walikuwa wanasherehekea. Sijawahi kuona watu wakishukuru ukoo wao vile.

Tukaitwa kwa Mlezi wa Wanafunzi: mimi, wazee watatu, na beberu akiwa kielelezo. Mlezi ni mama mtaratibu, na utaratibu wake ndio unaotisha. Mbele yake palikuwa na daftari la getini. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Beberu. Anatoka Singida. Anakwenda kwa Naibu Waziri. Sababu ya kuja, mkopo." Akavua miwani. "Naibu Waziri. Amekuja kukopa, au amekuja kula?"

Kabla sijajibu, baba mdogo akasimama, akampa heshima zote, akaweka mezani furushi la barua lililofungwa kwa kamba ya katani. Akaeleza tena ile hoja yake: chuo ni cha umma, umma ni wao. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho. Nadhani alitafuta mahali pa kuipinga na yeye pia akakosa. Mwishowe akasema barua zote za chuo hupitia masjala.

Masjala ni ofisi isiyokataa kitu. Ukipeleka ganda la ndizi lenye anuani sahihi, litagongwa muhuri. Barua za trekta, mashine ya mafuta na mahari ziligongwa IMEPOKELEWA moja baada ya nyingine, zikapewa namba ya kumbukumbu, na wazee wakarudishiwa nakala. Sijawahi kuwaona watu wameridhika namna ile.

Uhasibu walichapisha M upya, ila printa iliishiwa wino kwenye Massawe, kwa hiyo tuliobaki tulisaini kesho yake. Usiku ule Mamwakalinga na Mamollel walikuja bwenini kwa msafara, wakadai fidia, na fidia waliyoitaka ilikuwa imefungwa nje kwenye kamba ya kuanikia nguo. Baba mdogo alimchinja mwenyewe. Supu ilipikwa kwenye ndoo mbili za hita ya koili, na kijana wa sheria alikunywa bakuli tatu, kisha akaitia hati yake mfukoni. Alisema shauri limemalizika nje ya mahakama.

Mimi nikaandikishwa barua ya kujieleza. Wazee wakapanda basi alfajiri.

Nikadhani imeishia hapo, mpaka siku moja nikakuta bahasha rasmi mlangoni kwa Wizara ya Michezo na Mikopo. Chuo kilikuwa kimejibu. Barua ilielekezwa kwa Mwenyekiti wa Kijiji, ikasema ombi lao la trekta limepokelewa na linafanyiwa kazi na mamlaka husika. Chini kabisa, Nakala: Naibu Waziri wa Mikopo, kwa utekelezaji.

Nilimpelekea Rais. Akasoma, akanirudishia, akasema, "Mheshimiwa, tekeleza," akaendelea kula ugali.

Basi faili la trekta likakaa mezani kwangu hadi Waziri aliporudi kutoka fildi, mweusi kwa jua la Mtwara, na muhuri wake umefungwa kwenye leso. Alikuwa ameukosa sana ule muhuri, unajua, miezi yote hiyo hana pa kuugonga. Nikamkabidhi faili. Hakusoma hata mstari. Alipuliza muhuri, akagonga kila ukurasa, akatia saini, akamkabidhi mjumbe apeleke posta.

Dada ananiambia mwenyekiti ameanza kujenga banda.