Kwanza Andika Lini Usiiendeshe

Naandika mwongozo wa Kiswahili wa amri ya wpt update-expectations, kwa ajili ya vijana tunaojifunza pamoja kupima programu hapa Ngamiani, Tanga. Wenzangu wanataka ukurasa wa kwanza uonyeshe namna ya kuiendesha. Mimi nashikilia uonyeshe lini usiiendeshe, na sioni sababu ya kulegeza.

Kwa asiyeijua, web-platform-tests (ndiyo hiyo wpt kwa kifupi) ni mkusanyiko mkubwa wa majaribio ya vivinjari. Watengenezaji wa Firefox, Chrome, Safari na wengine wanautumia kwa pamoja ili ukurasa uleule ufanye kazi sawasawa kokote unapofunguliwa. Hakuna kivinjari kinachopita majaribio yote. Kwa hiyo Firefox, kwa mfano, ina mafaili madogo ya .ini yanayotaja jaribio gani linajulikana kufeli, na linafeli kwenye mfumo upi. Faili lisipokuwepo, jaribio linatarajiwa kupita. Matokeo yakipishana na matarajio, mashine inalalamika.

Sasa mtu akibadilisha kitu kimoja ndani ya kivinjari, majaribio mamia yanaweza kugeuka kwa mpigo, na hakuna mwenye muda wa kuhariri mafaili yote hayo kwa mkono. Hapo ndipo zana hii, wpt update-expectations, inapokuja. Unaipa logi, yaani faili la matokeo ya majaribio uliyoendesha, inaisoma, inaandika upya matarajio yalingane na yaliyotokea.

Yaliyotokea, jamani. Yaliyopaswa kutokea zana haiyajui, na wala haikuulizi. Ukiiendesha bila kuangalia umefanya kama mwalimu anayebadilisha mwongozo wa kusahihisha baada ya kusoma majibu ya wanafunzi: darasa zima linafaulu, na hujui nani kaelewa.

Kijana mmoja, mwepesi wa kazi kwelikweli, aliiendesha kwenye nakala yetu ya mazoezi, akaja anatabasamu. "Kaka, nimenyoosha yote." Nikamwambia tufungue git diff, inayoonyesha mistari iliyobadilika kwenye mafaili, tuone. Faili moja lilikuwa na masharti mawili: sharti la Windows lilisema jaribio linafeli, la Linux lilisema muda unaisha kabla jaribio halijamaliza. Yeye alikuwa na logi ya laptopu yake tu, ya Linux, na alikuwa ameongeza chaguo la --full kwenye amri. Chaguo hilo huondoa masharti ya zamani katika majaribio yanayoguswa na kujenga mapya kutokana na logi ulizoleta. Ukiwa na logi za mifumo yote, huo ni usafi mzuri. Ukiwa na logi ya mashine moja, umefuta habari za Windows bila hata kuiwasha Windows. Sharti lile liliandikwa na mtu aliyekaa akahangaika mpaka akajua tatizo liko wapi. Kwenye skrini, yote yalikuwa yamenyooka kama alivyosema.

Simlaumu. Alifuata maelezo ya chaguo, na maelezo yenyewe hayana kosa. Yanakwambia chaguo linafanya nini, basi. Mtu mpya anahitaji pia kuambiwa awe na nini mkononi kabla ya kuligusa.

Lingine ni --update-intermittent, la majaribio yanayopita leo na kufeli kesho. Zana inaandika hali zote ilizoziona, kwa mfano PASS na FAIL pamoja. Kuanzia hapo jaribio likipita sawa, likifeli sawa. Kuna nyakati hilo linahitajika, sikatai. Lakini jaribio la namna hiyo halilindi tena kitu, na mwongozo useme hivyo waziwazi. Jaribio likizimwa kabisa, desturi ni kuandika sababu kwenye neno disabled ndani ya faili la .ini, mara nyingi kiungo cha ripoti ya hitilafu. Ningependa desturi hiyo ivutwe mpaka kwenye kila FAIL inayoandikwa na zana. Wenzangu wanasema itachosha watu. Itachosha, ndiyo.

Kuna mambo ya huku kwetu ambayo waandishi wa mwongozo wa Kiingereza hawana sababu ya kuyawaza. Ukipakua hazina nzima ya majaribio pamoja na historia yake yote, bando limekwenda. Pakua kwa git clone --depth 1, ulete hali ya sasa tu bila historia. Na umeme ukikatika katikati ya majaribio, logi inabaki nusu. Usiipe zana logi ya nusu. Rudia.

Orodha ya chaguo zote sikuitafsiri. Ukiandika --help inatoka yenyewe, tena itakuwa mpya kuliko chochote nitakachoandika mimi. Nimebakisha zile chache zinazoweza kufuta kazi ya mtu mwingine, na mbele ya kila moja nimeweka logi unazotakiwa kuwa nazo na kitu cha kutafuta kwenye git diff kabla hujahifadhi.