Jamani, uacheni wimbo uishe

Juzi usiku nimemaliza bando kwa kuangalia dokumentari ya bendi moja ya Uingereza ya panki, ile roki fupi ya kelele ya miaka ya 70, siwataji kwa sababu tatizo si lao peke yao, na nimelala na hasira. Saa moja na nusu nzima na hakuna wimbo hata mmoja uliopigwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hata mmoja! Gitaa linaanza, dramu zinaingia, unajisogeza karibu na skrini, mwimbaji anafungua mdomo, anaimba mstari mmoja, halafu sauti inashushwa anatokea mzee ameketi mbele ya rafu ya santuri anakwambia dunia haikuwahi kusikia kitu kama kile. Sasa mbona mimi hujaniacha nikisikie?

Hizi filamu nazipenda, nieleweke. Nikisikia imetoka mpya ya panki au roki naitafuta mpaka niipate, na watu wa nyumbani wameshazoea. Ndiyo maana inaniuma. Wanamuziki wanazungumziwa kutwa nzima na hakuna anayewasikiliza.

Chukua Ramones. Vijana wa Forest Hills, pale Queens, New York. Albamu yao ya kwanza ya 1976 ina nyimbo 14 na yote inaisha ndani ya kama dakika 29. Wakati ule roki ilikuwa imejaa solo ndefu na mbwembwe, wao wakatupa vyote, wimbo unahesabiwa moja mbili tatu nne, unapigwa kwa kasi ileile bila kupumua, unakwisha kabla hujakaa sawa. Huo ufupi ndiyo kazi waliyoifanya. Sasa wewe mtengeneza filamu ukiukata sekunde ya kumi na tano umemnyima mtazamaji kitu chenyewe, kwa sababu hatajua kwamba wimbo wenyewe ulikuwa unakaribia kuisha, hatapata ule mshtuko wa kusikia umekatika ghafla na mwingine umeshahesabiwa. Dakika mbili tu! Filamu ina dakika mia na kitu na imekosa dakika mbili!

Halafu angalia kinachopewa muda. Kila filamu inayogusa Sex Pistols, bendi ya panki ya London, lazima uoneshwe intavyuu ya Bill Grundy kwenye TV, tarehe 1 Desemba 1976, mpiga gitaa wao Steve Jones anamporomoshea mtangazaji matusi laivu jioni watu wako sebuleni na watoto. Ile haikatwi. Yanafuata magazeti ya kesho yake, wanafuata mashahidi kueleza walivyoshtuka, na ukifika wimbo unapewa sekunde kumi. Matokeo yake watu kibao wanajua matusi ya Steve Jones kuliko wanavyolijua gitaa lake, na yule jamaa gitaa alikuwa analipiga kweli, kwenye albamu ya 1977 amerekodi gitaa juu ya gitaa mpaka limekuwa zito la kukusukuma kifuani, na sehemu kubwa ya besi pia kapiga yeye kwa sababu Sid Vicious, mpiga besi wao, besi ilikuwa haimpandi. Hiyo ni stori! Sid ambaye watu wanavaa fulana zenye picha yake miaka yote hii ndiye ambaye karibu hasikiki kabisa kwenye albamu. Nionyeshe hiyo, nisikilizishe, kisha ndiyo tuendelee na matusi.

Mtengeneza filamu Julien Temple nampa haki yake kwenye hili. Yeye ndiye aliyekuwa na kamera Huddersfield, Krismasi ya 1977, Sex Pistols wanawapigia watoto wa wazima moto waliokuwa kwenye mgomo. Watoto wanaruka, keki imetapakaa, na mwimbaji wao Johnny Rotten, ambaye magazeti yalishamfanya shetani wa nchi nzima, naye keki imempata usoni na anacheka na watoto. Hakuna mtaalamu wa kukuelezea chochote pale, unaona mwenyewe.

Ila aliyenifanya niandike haya hasa ni Poly Styrene. Jina lake Marianne Elliott-Said, baba Msomali, mama Mwingereza, kakulia Brixton. Siku anatimiza miaka 19, Julai 1976, akawaona Sex Pistols kwenye gati la Hastings, akarudi London akaweka tangazo gazetini kutafuta vijana wa kuunda naye bendi, wakawa X-Ray Spex. Msichana mwenye damu ya Kisomali, meno yamefungwa waya, nguo za rangi za kuumiza macho alizojitungia mwenyewe, kasimama mbele ya ukumbi wa wanaume wanaorushiana bia. Single yao ya kwanza ya 1977 inaanza na yeye akiongea, sauti ndogo ya mtoto mwenye adabu, anaukumbusha ule msemo wa Waingereza kwamba mtoto wa kike aonekane tu asisikike, anasema yeye ana mawazo yake juu ya hilo, na hapo anapiga ukelele ambao mimi mpaka leo nikiusikia nywele zinasimama. Saksafoni ya Lora Logic inaingia kama inagombana na gitaa, na Lora mwenyewe alikuwa binti wa umri wa shule. Wimbo wote haufiki dakika tatu.

Na kwenye filamu za historia ya panki kwa ujumla huyu dada anafanyiwa nini? Picha ya waya za meno, picha ya nguo, mtu anasema alikuwa wa kipekee, tunaondoka. Aonekane, asisikike! Kitu kilekile alichosimama stejini kukipinga ndicho wanachomfanyia na wanaita kumbukumbu. Hili linanikera kuliko yote, wallahi. The Slits, bendi ya wasichana ya panki, nao hivyohivyo.

Bahati nzuri binti yake, Celeste Bell, alitengeneza filamu ya mama yake akishirikiana na Paul Sng, ilitoka 2021. Hiyo itafute. Poly alifariki 2011 kwa saratani ya matiti, ana miaka 53, na Celeste anapitia makaratasi, nguo na mashairi ya mama anajaribu kumwelewa. Hafichi kitu: ugonjwa wa akili ambao madaktari mwanzoni waliupa jina lisilo lake, mama kuingia dini ya Hare Krishna, mtoto kuumia humohumo. Shajara za Poly zinasomwa na mwigizaji Ruth Negga. Ukitoka pale unajua zile nyimbo kuhusu plastiki na matangazo ya biashara na kujitazama kwenye kioo zilitungwa na nani, akiwa anapitia nini, na unaufungua muziki mwenyewe kwa heshima.

Nyingine ni ya 2012, ya bendi iliyojiita Death, yaani Kifo. Ndugu watatu wa Detroit, David, Bobby na Dannis Hackney, vijana weusi kwenye mtaa uliokuwa unaishi kwa muziki wa soul, wao wanapiga roki ya kasi na hasira katikati ya miaka ya 70, kabla watu hawajaizoea hiyo sauti kuiita panki. Clive Davis, bosi wa kampuni ya rekodi, akaipenda lakini akataka wabadilishe jina la bendi. David akagoma. Wakatoa single yao wenyewe 1976, kopi 500 tu, ikapotea. Miaka ikaenda, wadogo zake wakahamia Vermont wakawa wanapiga rege, David akamkabidhi Bobby mikanda ya studio amtunzie, akisema ipo siku watu watakuja kuitafuta. Akafariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Na watu wakaja kweli, albamu ikatoka 2009.

Ninachokipenda pale ni kwamba stori nzima imebebwa na kusikia. Wakusanyaji wa santuri wanaanza kuitafuta ile single, inapigwa kwenye pati za vijana, mpaka mtoto wa Bobby anaisikia na kuitambua sauti inayoimba: ni baba yake. Baba hakuwahi kuwaambia! Unamuona kijana anajaribu kueleza alivyojisikia na maneno hayamtoshi, na wewe kwa sababu umeshausikia wimbo, unamwelewa.

Sasa kuna watakaoniambia nyimbo zimejaa mtandaoni, kausikilize huko. Naujua huo ushauri. Lakini wimbo unaousikia baada ya kujua umegharimu nini unaingia tofauti, na ile nafasi ya kuniwekea wimbo dakika ileile ambayo nimeshajua ni ya mtengeneza filamu peke yake. Akiikosa ameikosa.

Haya, na suala la haki za kutumia nyimbo. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba leseni ni ghali: unamlipa mwenye utunzi, unamlipa mwenye rekodi, na lebo kubwa hazina huruma na mtu mwenye kamera moja. Mtengeneza filamu mdogo namsamehe. Lakini kampuni zenye hela za kumpeleka Henry Rollins, yule mwimbaji wa zamani wa panki, akahojiwe kwenye kila filamu inayotoka, na namheshimu sana Rollins, zinashindwaje kulipia wimbo mmoja uishe?

Nakubali pia umbea una raha yake. Ile filamu ya Ramones ya 2003, ukifika kwa mwimbaji Joey na mpiga gitaa Johnny waliokaa miaka kwenye gari moja bila kusemeshana kwa sababu Linda alimwacha Joey akaenda kwa Johnny, huwezi kuamka kitini. Joey akaugua akafa 2001, Johnny hakupiga hata simu. Ila mimi nabaki na swali: hawa watu walipiga shoo zaidi ya 2,200, sasa wasiosalimiana wanapandaje stejini na kupiga kama mwili mmoja? Jibu liko kwenye shoo yenyewe, tuwekee tuione.

Mwongozaji filamu Peter Jackson alithubutu na Beatles mwaka 2021, karibu saa nane. Paul McCartney yuko na besi, John Lennon kachelewa, Paul anakwangua nyuzi anaimba maneno yasiyo na maana, George anapiga miayo, na taratibu mbele ya macho yako wimbo unatoka pasipokuwa na kitu. Hakuna mtu anayekatiza. Nimeirudia ile sehemu mara nyingi sana.

Jirani zetu Zambia wameshapata yao pia, ya 2019, ya bendi ya WITCH na Jagari Chanda, mwimbaji wa zamrock, yaani roki ya Zambia ya miaka ya 70, ambaye baadaye alikuwa mchimba vito huku wenzake wa mwanzo wakiwa wameshazikwa. Nikiangalia ile namuwaza Patrick Balisidya wetu wa Afro 70, aliyekwenda Sweden mwishoni mwa miaka ya 70 akarekodi na bendi ya roki ya kule, Archimedes Badkar, mtu wa gitaa na kinanda, akafariki 2004. Kama kuna kijana ana kamera na anafikiria kuitafuta hiyo stori, Dar na Sweden, wahusika wengine bado wanaweza kupatikana, naomba sana aanze mapema. Na kwenye bajeti aanze na nyimbo. Hela ya leseni ikipungua mimi nachangia.